Tambara la Wilf Yelland

Withyford, Devon
11 Novemba 2018

Tamsin mwanangu,

Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo baridi ikiingia linanikumbusha umri. Wewe je, kile kikohozi kimekwisha? Simu yako sikuipokea kwa makusudi. Tukiongea kwa mdomo tutatukanana, na tangu mama yako afariki hakuna wa kutuamulia.

Jana niliwaona watu wako wa kuchunguza uwindaji. Ndilo jeshi lenyewe hilo? Mmoja kavaa koti la njano, unamwona toka kijiji cha pili. Yule mzee daktari wa meno kasimama na kamera yake pale upepo unapotokea, mbwa wote wakamnusa yeye. Na yule msichana wa nywele za zambarau kamkimbia ndama! Ndama, Tamsin! Nilicheka mpaka nikashuka kwenye pikipiki.

Mnachunguza nini hasa? Sheria ilipokataza mbwa kumfukuza mbweha, Bwana Fane, mkuu wa wawindaji wetu wa farasi, aliitii. Sasa mbwa wake wanafuata tambara lililochovywa mkojo wa mbweha, na anayeliburuta ni mimi, baba yako, kwa pikipiki ya magurudumu manne, msimu wa nane huu. Bwana Fane mwenyewe alikuja mpaka jikoni kwetu kuniomba. Kwa hiyo watu wako wakisema anavunja sheria, wanasema mimi ni mwongo.

Waambie warudi mjini wakapige picha njiwa.

Baba yako


Exeter
19 Novemba 2018

Baba mpendwa,

Kikohozi kimekwisha, asante. Goti lipake ile dawa niliyokuletea, usiiache dirishani kama pambo.

Barua yako niliwasomea watu wangu kwenye ukumbi wa kanisa tunapofanyia mafunzo. Walivunjika mbavu, na daktari wa meno alicheka kuliko wote. Kisha tukaigeuza somo. Koti la njano limekwenda kwa maskini, sasa kila mtu ana la rangi ya matope. Kila wawili wana kamera ya kifuani, redio ya kuongelea, na betri za akiba ambazo lazima zikae ndani ya shati zisife kwa baridi. Wamefundishwa kusoma upepo, kuanza kwa kupiga picha kibao cha njia ili mahali pajulikane, na kutojibu matusi. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda, maana wale rafiki zako wa juu ya farasi wana midomo ya kuzibuliwa kama vyoo.

Nikuulize kitu. Jumamosi ile tambara ulilipitisha wapi? Sisi tuliwarekodi mbwa kwenye msitu wa Hackworthy tangu asubuhi, wako nyuma ya mbweha. Bwana Fane wako alikuwa nyuma yao, shingo kainyoosha kama bata mzinga, anapuliza baragumu kuwahimiza. Wewe hatukukuona kabisa.

Mwanao,
Tamsin


Withyford
2 Desemba 2018

Tamsin,

Mimi mzima, na goti langu halikuhusu.

Tambara nililipitisha Marsh Lane mpaka mtoni, kama nilivyoagizwa. Hackworthy ni upande mwingine kabisa. Basi mbwa walipotea njia! Mbwa ni mbwa, hawajasoma ramani.

Na usimwite bata mzinga mtu anayenipa mkono mbele ya baa nzima. Nilipouza ng'ombe wangu, nani mwingine alikumbuka kwamba Wilf Yelland bado anaishi? Wewe ulikuwa Exeter.

Krismasi nitakula kwa jirani. Usiniandikie tena.

Baba yako


Exeter
9 Januari 2019

Baba,

Umesema nisiandike, na mimi ni mtoto wako, kwa hiyo naandika. Natumaini ulikula vizuri, na baridi haijakulaza.

Najua umesikia. Siku moja baada ya Krismasi mbwa wa Fane walimrarua mbweha kwenye bustani ya yule mjane, Bi Hext, mbele ya mlango wa jikoni, mama wa watu akiwa ameshika sufuria. Yule msichana unayemcheka, aliyemkimbia ndama, alirekodi yote kutoka njiani. Wapanda farasi walimtemea mate, naye akaendelea kutaja saa na mahali kama msomaji wa taarifa ya habari.

Fane ameitwa mahakamani. Unajua utetezi wake ni upi? Kwamba mbwa walikuwa wanafuata tambara. Kwamba Wilfred Yelland ndiye aliyeliburuta mpaka kwenye ua wa Bi Hext, kwa kukosea. Jina lako, baba, limeandikwa lote. Wakili wake atakuletea karatasi utie saini. Ukitia na ukaenda kuapa, Fane atarudi nyumbani akale nyama ya kuoka, na wewe ndiye utabaki kuwa mpumbavu aliyepeleka mbwa kwa mjane. Ndivyo alivyo bwana wako. Hata uchafu wake anataka abebewe na mtumishi.

Sema tu ukweli. Siku ile uliburuta wapi?

Mwanao,
Tamsin


Withyford
17 Februari 2019

Tamsin,

Goti linauma. Natumaini wewe ni mzima.

Wakili alikuja, viatu vinang'aa, kalamu ameshaifungua. Nikamwambia niachie nifikiri. Siku ile ya Bi Hext nilikuwa ng'ambo ya mto. Sijakanyaga ua wake.

Lakini nilikuwa bado najidanganya kwamba mbwa walipotea. Nikaamua kujaribu. Jumamosi moja nililifua tambara kwa sabuni, nikalianika, nikaliburuta kavu. Mbwa walikimbia vizuri kuliko siku zote. Basi jana sikutoka kabisa. Nilikaa jikoni nikakaanga soseji, nikasikiliza mpira redioni.

Jioni nikaenda baa. Bwana Fane akanishika bega. "Wilf! Leo umetutengenezea njia safi ajabu. Tumekimbia kama enzi zile!"

Nikamwambia, "Bwana, leo sijatoka nyumbani."

Akacheka, na wote wakacheka. Mchinjaji, mwenye baa, mpaka padri. Fane akapangusa machozi. "Mzee wangu wee, kwani ulidhani nani anafuata lile dude lako? Wewe ni wa kuonyesha polisi."

Miaka yote hii, Tamsin. Mvua na theluji, nanuka mkojo, kichwa kimenivimba kwa sifa, kumbe ni kichekesho cha kijiji. Natamani ningewatapikia.

Nijibu kitu kimoja, na usinipambie. Wewe ulijua?

Baba


Exeter
20 Februari 2019

Baba yangu,

Nilijua. Tangu msimu wa kwanza, na mama alijua pia.

Ulipouza ng'ombe ulikuwa unashinda na nguo za kulalia mpaka jioni. Siku Fane alipokuja jikoni ulinyoa ndevu, ukaimba. Mama akaniambia, "Mwache, angalau anatoka nje." Nilimdharau Fane kiasi cha kutapika, nikanyamaza kwa ajili yako. Nimkasirikie nani sasa? Ukitaka kukasirika, mimi nipo.

Kesi ni tarehe kumi na mbili Machi. Sitakuomba uje. Nilikuomba ukweli nami nilikuwa naficha wangu, sina uso wa kuomba tena. Kula vizuri.

Mwanao anayekupenda,
Tamsin


Withyford
14 Machi 2019

Tamsin mwanangu,

Nimefika salama, na basi lilikuwa na joto. Natumaini na wewe umelala.

Barua yako niliisoma yote. Nilikutukana wewe, nikamtukana mama yako mbele ya picha yake, kisha siku ilipofika nikavaa suti ya mazishi nikaja. Sikukutazama pale ndani kwa sababu ningelia, na nisingewapa wale furaha hiyo.

Bado namcheka yule wakili. "Bwana Yelland, unataka mahakama iamini kwamba ulikuwa mjinga kiasi hicho kwa miaka minane?" Ulisikia nilivyomjibu: "Ndiyo, bwana, na walionifanya mjinga wamekaa nyuma yako, wamevaa tai." Hata hakimu aliinamisha kichwa.

Kuna jambo hukuliona. Ulipokwenda kuchukua gari unipeleke kituo cha basi, Fane alitoka nje na hukumu yake ya hatia mkononi, uso umemwiva. Hapakuwa na mtu. Akasimama ngazi moja juu yangu, ndivyo anavyopenda kusimama, akasema kwa huzuni kabisa, "Wilf, nilidhani wewe ni mwenzetu."

Nikamwambia, "Hata mimi."

Baba yako