Kigingi cha Mtaalamu

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Toka Handeni hadi Korogwe hakuna kichwa kama changu. Shule niliachia darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha. Leo tumeanza kuchimba kisima cha kijiji, palepale penye kigingi cha mtaalamu wa maji. Hatua kumi toka mlangoni kwetu. Nachimba na rafiki yangu Mdoe. Yeye ana nguvu za trekta, hesabu tia maji tia maji.

Mzee Mhina kapinga. Eti chini patupu, babu zake walikuwa na kisima hapo, kikafunikwa.
"Kanyaga usikilize, mjukuu wangu."
"Shikamoo babu. Lakini mtaalamu kaja na Landrova, wewe umekuja na bakora."
Watu wamecheka, mpaka Mwenyekiti. Hakuna aliyekanyaga.

Jumatano, 4 Septemba
Shimo limenifika shingoni. Mdoe anasema akipiga sururu mara tatu, chini kunajibu mara nne. Nimemwambia hiyo ni njaa. Mtaalamu alishapima.
Mdoe alipokwenda kunywa maji nikapiga mimi. Tatu.
Nikahesabu. Nne.
Sijamwambia.

Alhamisi, 5 Septemba
Asubuhi. Jua kali, lakini udongo wa shimoni una ubaridi wa chungu cha maji. Mbwa wetu kazunguka mbali, hataki kupita. Mdoe kagoma kushuka. Mwenyekiti kamuuliza, "Wewe na mtaalamu, nani kasoma?" Nami nikatia langu: "Mwache, huyu sasa mwanafunzi wa babu Mhina." Wakacheka tena.
Mdoe akanitazama. Akashuka.

Jumamosi, 7 Septemba
Jana tumemzika Mdoe. Chini palifunguka taratibu, kama mtu anapiga miayo. Hakupiga hata kelele.
Nilidhani watakilaumu kigingi. Wapi. Mtaalamu hakosei, wanasema, kwa hiyo mzee Mhina ndiye kaloga shimo. Maneno yangu yaleyale. Yananitisha yakitoka kwenye vinywa vya watu wazima.

Alhamisi, 12 Septemba
Mzee Mhina kahamia kwa binti yake, kijiji cha Kwedizinga. Mkeka na chungu kimoja. Hakuna aliyemsindikiza.
Shimo tumelifukia. Nikipita nasikia hatua zangu chini, na moja ya ziada.
Mtaalamu alipima sawasawa. Kigingi alikipiga ng'ambo ya korongo, mbali. Nilikihamisha mimi, mchana, watu wakiwa shamba la kijiji. Nilitaka maji yawe karibu na kwetu.