Pampu ya Kiti cha Bibi

Jumapili, 5 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mitambo yako ni wazima. Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya Bibi, ambayo yamegoma kabisa.

Naandika kwa sababu kwenye simu maneno hunikwama, halafu Bibi husikiliza. Jumanne nilipotoka shule nilimkuta kwenye kiti chake cha sebuleni, palepale nilipomwacha asubuhi. Alijaribu kusimama akashindwa. Chai yake ilikuwa mezani, hatua mbili tu kutoka alipo, imeshika utando juu. Akaniambia, "Nilikuwa napumzika kidogo."

Jirani alimweleza Baba Mkubwa. Amesema shule zikifungwa atakuja kumchukua Bibi akaishi kwake ghorofani, nyumba hii ifungwe, mimi nihamie bweni. Baba na Mama wako mbali kikazi na hawawezi kumbishia mkubwa wao. Bibi ameanza kugawa sufuria zake.

Shangazi, kitabu chetu cha fizikia kina mchoro wa mtu anayeinua gari kwa mkono mmoja akitumia oili. Wewe unatengeneza mitambo ya kuchimba kila siku. Kama gari linainuka, je, Bibi atashindikana?

Mwanao

Jumatano, 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku karakanani sote wazima, tumejaa grisi mpaka kwenye kope. Mwambie mama yangu asigawe ile sufuria kubwa yenye mfuniko. Hiyo ni yangu.

Dereva wetu amekuletea boksi. Ndani mna pampu ndogo ya mkono yenye tangi lake, mpira mnene mrefu wa kupitishia oili na silinda moja. Vimetoka kwenye mtambo uliokufa, na msimamizi ameniruhusu kuvichukua.

Sasa nisikilize. Oili ukiibana haina pa kwenda, na wala haisinyai kama hewa. Ukiisukuma huku, inasukuma kule, na kila mahali inapogusa inaweka presha ileile. Pistoni ya pampu ni nyembamba kama kidole. Ya silinda uso wake ni mkubwa mara kumi hivi, kwa hiyo presha ileile inapata pa kusukumia mara kumi, na nguvu nayo inakuwa mara kumi. Lakini hakuna cha bure. Utapampu sana ili kiti kipande kidogo. Mtambo haukupunguzii kazi, unakukatia vipande unavyoviweza.

Usiingize mkono chini ya kiti kilichoinuka bila kukiwekea gogo. Na ukihisi mpira unavuja, usipapase kwa kidole, pitisha kipande cha boksi. Oili yenye presha hupenya ngozi kama sindano.

Shangazi yako

Jumapili, 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, ingawa mmoja wetu amenuna.

Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani, yule tunayemwita Cheche, alitutengenezea fremu. Aliposikia ni ya kumwinua Bibi akauliza kama Bibi ana gia ya kurudi nyuma. Kiti kina bawaba mbele na silinda chini kwa nyuma, kwa hiyo kinainuka nyuma na kumsogeza mtu mpaka miguu yake ipokee uzito.

Mara ya kwanza kilinesanesa kama godoro. Nikakumbuka ulichosema kuhusu hewa. Nikalegeza nati pale mpira unapoingia kwenye silinda, Cheche akapampu, likatoka povu, likatoka povu, hatimaye ikaja oili tupu. Nilipokaza kikawa kigumu kama sakafu.

Pampu niliifunga nyuma ya kiti, chini kabisa, nikaifunika kwa kitambaa ili wageni wasiione na Bibi asione aibu. Bibi akakaa. Nikapampu, akapanda vizuri kabisa. Nikasubiri afurahi.

Akauliza, "Na ukiwa shule, nani atapampu?"

Nikautazama mpini wa pampu mkononi mwangu.

"Niteremshe," akasema. "Mimi si gunia la mtu yeyote, hata la kwako. Sasa wewe na baba yako mkubwa mna tofauti gani?"

Amehamia kwenye kiti cha plastiki. Shangazi, nimefikiria kila kitu siku zote hizi isipokuwa hilo. Nimerudi kutazama michoro yangu. Katika kila mchoro nimejichora mimi, nimesimama nyuma ya kiti.

Mwanao

Jumapili, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mwenzangu akazima injini aulize kuna nini. Usione vibaya. Wewe ulitaka kumsaidia Bibi, na Bibi anataka kusimama. Yanafanana, lakini si jambo moja.

Oili haijali inasukumwa kutoka wapi. Kwenye mtambo wangu dereva amekaa ndani ya kabini, ndoo iko mbali kule mbele, na kati yao ni mipira tu inayopinda na kuzunguka. Presha inafika vilevile. Nilikupa mpira mrefu. Hamisha pampu iwe mkono wa kulia wa Bibi, pamoja na skrubu ya kuteremshia. Akiona mpini mzito, urefushe.

Halafu ondoa hicho kitambaa. Mama yangu hajawahi kuonea aibu kitu anachokiendesha mwenyewe.

Shangazi yako

Jumapili, 23 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo nina habari mbili.

Ya kwanza, Alhamisi nilikuwa jikoni nikasikia mtu nyuma yangu. Ni Bibi, amesimama na fimbo yake, anajifanya anatafuta chumvi. Cheche alipomwambia kiti kinapanda polepole mno, alimjibu, "Kwani wewe ulitaka nirushwe?" Amezidai sufuria zake zote kwa watu, isipokuwa yako kubwa, ambayo jirani anajifanya haikumbuki.

Ya pili ni mbaya. Kiti kimeanza kuzama. Bibi akipumzisha mkono katikati, kinashuka chenyewe, inabidi aanze upya. Asubuhi kuna doa la oili sakafuni. Cheche amefungua silinda, anasema sili, kile kiringi cha mpira kinachozuia oili isivuje, imelika na hapa mjini haipatikani. Nimeipima na kuichora nyuma ya karatasi hii. Baba Mkubwa anafika Jumamosi, tarehe sita. Tafadhali, Shangazi.

Mwanao

Jumatano, 3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama uko salama. Sijapata jibu na simu yako haipatikani. Silinda haishiki tena kabisa. Bibi amepanga nguo zake kwenye sanduku, akazitoa, akazipanga tena.

Mwanao

Ijumaa, 5 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima. Nilikuwa machimboni kusiko na mtandao, barua zako nimezikuta jana. Posta haitawahi, kwa hiyo sili na barua hii nimempa Baba Mkubwa, aliyepita hapa akija huko. Nimemwambia ni zawadi ya Bibi, asifungue.

Kuibadilisha kunataka watu wawili, mmoja ashike silinda wima. Mwombe yeye. Mwombe kwa mdomo.

Shangazi yako

Jumapili, 7 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, mimi, Bibi na kiti.

Baba Mkubwa alifika na shati jeupe lililopigwa pasi. Alimkuta Bibi kwenye kiti cha plastiki, akamshika kwapani akamsimamisha. Bibi alitazama ukutani. Mimi nilikuwa nimeshafungua kifurushi alichokileta na kusoma karatasi yako mara mbili. Nikasema, "Baba Mkubwa, naomba unishikie silinda." Akasema, "Nini?" Ilibidi nirudie, na kurudia ndiko kugumu zaidi.

Alikunja mikono ya shati. Akauliza oili inaenda wapi, kwa nini haimwagiki, kwa nini tunatoa hewa. Nikawa najibu, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeongea muda mrefu. Tulipomaliza alikaa yeye kwanza. Akapanda, akashuka, akapanda tena, mpaka Bibi akamwambia, "Hebu toka kwenye kiti changu." Hata hivyo sanduku la Bibi alilisogeza mlangoni, akasema tutaona kesho.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya pampu. Baba Mkubwa alitoka chumbani mbio, mikono mbele, anakwenda kumwinua. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamshika shati. Tukasimama ukumbini. Bibi alipampu, akapumzika. Kiti hakikushuka hata kidogo. Akapampu tena. Alipofika juu alichukua fimbo, akaja moja kwa moja tulipo.

"Mnanizibia njia," akasema. "Nakwenda kuweka chai."

Baba Mkubwa ameondoka peke yake. Sanduku amelirudisha chumbani mwenyewe. Shati lake lenye doa la oili ameliacha, na Bibi ameshalifanya tambara la kufutia pampu.

Sufuria yako nayo imerudi, Bibi alikwenda kuidai kwa miguu yake. Njoo uichukue. Ukigonga usiwe na haraka, yeye ndiye atakayekufungulia.

Mwanao