Ukuta wa Wafula

Mama,

Dada yake Baba atanimaliza. Nakuambia wewe, kwa sababu nikimwambia mtu mwingine hapa Bumula nitaambiwa sina heshima.

Unajua Krismasi ikikaribia kila mwanamke anakandika nyumba. Mimi nilikuwa nimeenda Endebess kumpelekea Baba blanketi, huko shambani kwa mzungu wake. Kurudi, namkuta Shangazi Nekesa ana samadi hadi viwikoni, uso unang'aa kwa furaha. Amekandika nyumba yako yote. Yote, Mama! Hata ukuta wa nyuma. Ukuta wa Wafula.

"Hatuwezi kuingia Krismasi na michoro ya vita," akasema. "Ati miti na maiti! Wageni watasema nini?"

Yeye hakuwa hapa kakangu Wafula aliporudi kutoka vitani Burma akiwa bubu, akilala nje chini ya ghala la mahindi kama mtu anayevizia adui. Ni wewe uliyemwekea udongo mweupe kwenye kibuyu na masizi kwenye kigae, ukamwambia, "Shika. Usiseme kitu. Paka tu." Kisha ukaendelea na ukuta wako bila kumtazama. Ulikuwa unaimba wimbo wa kanisa vibaya, makusudi, ili acheke. Hakucheka. Lakini alipaka, na kesho yake akapaka tena, mpaka polepole akaanza kulala ndani, akaanza hata kuomba chai.

Tangu tulipokuzika hajasema neno. Na sasa hata ukuta hana. Aliutazama, akachukua mkeka wake, akarudi chini ya ghala.

Asubuhi niliteremka mtoni. Na hapa, Mama, hata wewe umenichosha! Ulinifundisha kila kitu, ila hukunionyesha ulikokuwa ukichimba ule udongo mweupe usio na mchanga. Nilichimba, nikateleza, nikaharibu gauni, nikarudi na kitu kama uji wa mawe. Nikamwekea Wafula hivyo hivyo, pamoja na masizi. Sikuimba.

Alianza na mti, juu ya ukuta ambao haujakauka. Shangazi akatoka mbio. "Wewe! Mgongo wangu umekatika kwa ukuta huo!" Nikasimama katikati yao. Shangazi akanitazama, akautazama mti, akashindwa kunyamaza.

"Na huo mti, mbona umepinda?"

"Hata kule ulikuwa umepinda, Shangazi," akasema Wafula.

Shangazi akakaa chini, palepale penye tope. Kisha akamwuliza kama masizi yanatosha, au aende akakwangue chungu chake.

Basi pumzika, Mama. Ukuta wa nyuma hautakandikwa tena nikiwa hai, na kibuyu hakitakauka. Huo udongo wako nitautafuta mto mzima mpaka niupate. Lakini jamani, si ungeniambia tu?

Binti yako,
Nasimiyu