Mguu Uliobaki Mlangoni

Dada yangu Mulunesh,

Kahawa yako imefika, mama anakusalimu. Umeuliza kama bado nasali. Nasali, ila nimejaa kinyaa.

Jumapili, pale mlangoni tunapovua viatu kabla ya kuingia, mlinzi wa kanisa aliunyooshea kidole mguu wangu wa bandia. "Binti, viatu mwisho hapa."

"Kiatu hiki kimegundishwa kwenye mguu, baba. Hakitoki."

"Basi salia nje na ombaomba wenzako."

Papo hapo mama mmoja akanisukumizia mkononi kipande cha mkate kilicholowa mate ya mwanawe. "Kula, maskini, uniombee."

Nikafungua mikanda, nikauvua mguu wote, nikausimamisha katikati ya viatu vyao vinavyonuka, nikaingia nikiruka kwa fimbo yangu ya kuegemea wakati wa sala. Watu wakavuta mashuka meupe waliyojitanda kwa ibada nisiyaguse. Sakafu ilikuwa baridi kama maji ya mtoni, nikamshukuru Mungu kwa wayo mmoja wa kuuhisi ubaridi ule. Nilishukuru kwa moyo wote, dada, mpaka machozi yakanitoka.

Nilipotoka niliukuta mguu umejazwa vipande vya mkate, palepale kigutu changu kinapokaa. Nimeuosha kwa sabuni, bado unanuka huruma yao.

Jumapili ijayo nitauvua tena.

Mdogo wako,
Banchiamlak