Kaliba ya Bega Langu

Jumatatu, 3 Juni

Leseni imetoka! Mwindaji bingwa – mimi! Miaka sita ya kufuata nyayo na kubebea wageni maji, leo nimeitwa ofisini nikatia saini. Karani akanipa hongera, halafu papo hapo akanisukumia fomu nyingine. Utabeba bunduki ya kaliba gani, yaani unene gani wa risasi? Jaza, rudisha Ijumaa. Ukishajaza umejaza, msimu mzima hakuna kubadili.

Nimerudi nayo nyumbani haijajazwa. Kaka akashangaa – kuna cha kufikiria hapo? Si bunduki ya baba ipo? Nne-tano-nane! Marehemu aliwasimamisha nyati nayo, na Kaka mwenyewe, bingwa wa miaka kumi na moja sasa, anabeba ya namna hiyo hiyo. Eti kwetu hakuna aliyewahi kubeba chini ya hapo.

Nikakunja fomu nikaitia mfukoni. Ningesema nini? Kwamba naiogopa? Lile dude linapiga teke la punda. Kila nikivuta triga nafumba macho. Hakuna anayejua. Nimeandika hapa tu, na hata hapa nimeona haya.

Jumanne, 4 Juni

Sijafanya lolote la maana leo. Nimezunguka na fomu mfukoni.

Kazi yenyewe ni hii: mgeni aliyelipia kuwinda anapiga, akikosea kidogo nyati anaingia vichakani na jeraha lake. Hapo mgeni anabaki nyuma, mimi ndiye natangulia. Nyati akitoka anatoka mzima mzima, hatua kumi na tano, labda kumi. Nikifumba macho hapo, nani anakufa? Mtafuta nyayo wangu ana watoto wanne.

Ipo tatu-saba-tano. Risasi nyembamba zaidi, teke lake nalimudu. Sheria yetu inairuhusu kwa wanyama wakali, ingawa ndiyo ya mwisho kwa udogo. Nimeitaja mezani kama utani. Kaka akacheka mpaka chai ikampalia – hiyo si ya kupigia digidigi? Nikacheka na mimi. Mnafiki mkubwa!

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Halafu raha. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Asubuhi tumekwenda uwanja wa shabaha, mimi na Kaka. Fundi wa bunduki alikuwepo, yule mzee wa miwani ya kufungwa na uzi. Akasema leo anajaza risasi yeye, mimi nigeuke pembeni. Sikuuliza kwa nini. Risasi ya kwanza, kishindo. Ya pili, kishindo, bega linawaka moto. Ya tatu nikavuta triga – ta! Kimya. Bunduki haikulia. Lakini mimi! Mtutu umeshaangalia chini, bega limeshajivuta nyuma, macho nimeyafumba kama mtoto anayepigwa sindano. Mbele ya watu wawili!

Kumbe mzee kachanganya risasi ya bandia, haina baruti. Ndivyo anavyowapima watu. Akaniambia: binti, bunduki haijalia na wewe umeshapigwa.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakunicheka. Akaleta tatu-saba-tano, akajaza vile vile kwa siri. Nikapiga tano. Bandia ilikuwa ya nne – mtutu haukutikisika hata chembe! Nne zilizolia zote zimeingia mahali unapoweza kupafunika kwa kisosi cha kikombe. Mzee akasema nyati anakufa kwa mahali risasi ilipopita, unene wake haumsaidii mtu aliyekosa.

Nikalia. Mtu mzima mimi, nimekalia kreti la risasi nalia, na wala sikuwa na huzuni. Miaka miwili nimelibeba jambo hili peke yangu! Sasa limetoka, na dunia haijaanguka.

Nikamtafuta Kaka. Alikuwa ameshatangulia kwenye gari.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemweleza mama wakati anapiga pasi. Nilidhani atasema naitupa heshima ya baba. Wapi! Kaiacha pasi papo hapo juu ya shati, akanigeukia.

Kumbe kila baba akirudi safari, mama alikuwa anamkanda bega kwa maji ya moto. Lilikuwa bluu mpaka shingoni. Sisi tukiambiwa baba kachoka, msimsumbue. Nikamuuliza, sasa kwa nini aliichagua? Mama akaniangalia kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. Nani kakwambia alichagua? Ndiyo iliyokuwepo stoo ya kampuni siku aliyoajiriwa! Wenzake walishaziwahi zile ndogo.

Tumecheka mpaka shati likaungua kola. Ukoo mzima umeapa kwa bunduki iliyobaki stoo!

Ijumaa, 7 Juni

Nimejaza: tatu-saba-tano. Karani akagonga muhuri hata hakuisoma. Nimetoka pale mwepesi, nimesahau na mwavuli.

Jumapili, 16 Juni

Kaka kaninunia wiki nzima. Akinihitaji anamtuma mama – mwambie Digidigi alete funguo. Sawa. Digidigi kalala usingizi mnono siku tisa mfululizo. Bega halina hata doa.

Jumanne, 2 Julai

Saa nne kasoro dakika ishirini, ndani ya gari. Naandika ili nitulie.

Safari yangu ya kwanza kama bingwa. Kaka yupo, kwa sababu leseni mpya lazima isindikizwe. Mgeni kapiga nyati saa tatu na robo, kampiga nyuma mno. Damu ina majani ndani yake, kwa hiyo ni tumbo. Kaingia kwenye kichaka kile cha miiba, mita themanini kutoka hapa. Hatumfuati moto moto, tunampa nusu saa alegee. Mgeni nimemwambia abaki garini na dereva. Kakubali upesi, maskini.

Mpango: Kaka atangulie, mimi nimfuate. Yeye ndiye mkubwa, na ndiye mwenye nne-tano-nane.

Sasa hivi kaja dirishani kwangu. Hakuniangalia, kaangalia kichaka. Kaniuliza kama nimejaza risasi. Nimejaza. Halafu, taratibu, kama anataja jina la ugonjwa: tangulia wewe. Hata mimi nafumba macho, akasema. Tangu zamani. Siku ile uwanjani nilikimbilia garini nisije nikaambiwa na mimi nijaribu.

Ee Mungu wangu! Miaka kumi na moja! Nyati wangapi?

Nilitaka kumtukana. Nimemshika mkono. Ulikuwa na jasho, na alikuwa anashusha pumzi kama aliyetua gunia. Naijua pumzi ile.

Nimempa maelekezo: kushoto kwangu, hatua tatu nyuma, mtutu juu, asivute triga mpaka mimi niwe nimeshapiga. Nikategemea ubishi. Akasema, sawa, dada.

Mtafuta nyayo ameshasimama, anakung'uta suruali. Miiba imetikisika upande wa kulia, na upepo hakuna. Bado dakika tano.