Jumamosi ya Watwa

Jumatatu, 12 Mei
Nimefagia, nimejaza bidoni ya maji, nimefungua maktaba. Joto kali. Wanafunzi tele, mitihani ya serikali imekaribia. Mama Sifa kaja tena kutoka kambi ya waliokimbia vita. Ni Mtwa, kabila la watu wa msituni ambao wengi hapa hawanywi nao chombo kimoja. Anajifunza kusoma, kidole juu ya kila neno. Akashikwa na kiu, akachota kwa kikombe chetu, akanywa. Wasichana wawili wakakusanya madaftari, wakatoka. Nikajifanya sioni.

Jumanne, 13 Mei
Hakuna aliyegusa kikombe. Wamekuja na chupa zao. Upuuzi mtupu! Mama Sifa kasoma peke yake, benchi zima.

Jumatano, 14 Mei
Jiwe limerushwa juu ya bati letu, mchana kweupe. Nikatoka mbio. Njia tupu.
Kisha akapita Papa Ngoy, mkubwa wa komite yetu. "Mama Jeanne, ule mama akae inje, kwa baraza. Batu banasema batachoma nyumba." Nikamjibu mlango huu ni wa wote. Akanitazama kwa huruma. "Bakichoma, ni weye utakuwa ndani."

Alhamisi, 15 Mei
Kila pikipiki ikipunguza mwendo hapa nje, nainuka kuchungulia.
Nimepata njia. Jumamosi huwa tunafunga. Nitawafungulia Mama Sifa na wenzake siku hiyo, wasome kwa amani. Nimebandika tangazo mlangoni, nikamwambia Mama Sifa aje Jumamosi. Papa Ngoy kafurahi. Mimi pia, nimepumua.

Jumamosi, 17 Mei
Mama Sifa kaja peke yake, amevaa kitenge cha kanisani. Akatazama mabenchi.
"Wengine wako wapi?"
Nikamwambia leo ni siku yenu Watwa. Akakiweka kitabu mezani, polepole.
"Mama, kule kambini niko na Watwa wenzangu kila siku. Huku nilikuja kukaa na batu bote."
Akaondoka. Nilitaka kumfuata. Nikaogopa majirani wataniona. Najichukia.

Jumatatu, 19 Mei
Nimebandua tangazo. Jana nilikwenda kambini mwenyewe, nikamwomba radhi, nikamwambia aje siku yoyote, akae popote. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Papa Ngoy amenawa mikono.
Wanafunzi wachache wamechungulia, wakarudi. Nimekaa ndani, mlango wazi. Kila hatua ya mtu njiani inanishtua, na papo hapo natamani iwe ya Mama Sifa.