Ndege Ina Vumbi Gani?

Nyamirambo, Kigali
Machi 1992

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo Ujiji mguu umepungua kuvimba na kuku wako hawajaibiwa tena. Zuhura wangu ameota meno mawili, ananing'ata akinyonya. Baba yake yuko kwenye cherehani hadi magharibi. Mimi si mzima, na leo sitakuficha.

Nikipanda kutoka bombani na ndoo moja napumzika mara tatu. Daktari amenipima, akasema ile vali niliyowekwa Ulaya, yaani mlango wa moyo, imekakamaa, imeshika chokaa. Haijafika miaka mitano, nasi tuliambiwa kumi na zaidi. Anasema hizi za wanyama huwahi kuharibika kwa vijana. Lazima ibadilishwe, lakini hospitali ile ya Ulaya haipangi kitu bila kadi ya vali inayotaja aina yake. Akaniuliza, "Iko ya ng'ombe ao ya nguruwe?" Nikamjibu ng'ombe, kama ulivyoniambia. Akataka kadi.

Nimekuandikia mara mbili kuiomba. Mara ya kwanza ukanijibu habari za mvua, ya pili harusi ya jirani.

Sasa nisikilize, mama. Ijumaa mwalimu wetu wa madrasa alitufundisha wanawake najisi ya mbwa na nguruwe: huoshwa mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Nikaacha kuandika. Nilikumbuka tuliporudi safari, kidonda kimeshapona, ulivyonikalisha uani ukaniosha kifua. Nilihesabu kwa sababu maji yalikuwa baridi. Mara saba. Na ya kwanza yalikuwa na udongo. Ukasema unanitoa vumbi la ndege.

Ndege ina vumbi gani, mama?

Sikulaumu. Najua uliikataa vali ya chuma kwa sababu dawa zake zingeninyima mtoto, na mtoto ninaye, kalala mapajani mwangu. Mama mkwe akisikia atasema yake. Huyo niachie mimi. Ila kadi usiichome, wala usifute neno. Mpe mzee huyu wa vitenge aliyekuletea barua. Nimemwambia akae barazani hadi umpe.

Msalimie kaka Idi na baiskeli zake mbovu, na shangazi aliyenishonea mkoba wa safari ile. Utazame ndani ya bitana ya mkoba huo, kama siko ulikoiweka kadi.

Ni mimi mwanao, msafi kwa mkono wako,
Mwajuma